Nani Anaitwa Kwanza? Historia ya Orodha na Watu Bandia Ndani ya Kompyuta

Wacha niwaulize kitu. Mko watu kumi kwenye chama. Kila mwezi kila mtu anachanga elfu moja, na kila mwezi mtu mmoja anabeba elfu kumi zote. Sheria ni moja. Pesa ni ile ile. Lakini kila mtu aliyewahi kuwa kwenye chama anajua vita huwa iko wapi: nani anapokea wa kwanza, na nani anapokea wa kumi. Wa kwanza amepata mkopo bila riba. Wa kumi amekopesha wenzake miezi tisa, na akiwa na bahati mbaya, wawili watakuwa wamehepa kabla zamu yake ifike. Ndiyo maana chama chenye akili huandika namba kwenye vikaratasi, vinachanganywa, na kila mtu anaokota chake.

Shika hiyo picha, kwa sababu historia yote ninayotaka kuwapa leo ni ya vikaratasi hivyo.

Saa hii kila mtu kwa simu yake anaongea kuhusu akili bandia. Sawa, si vibaya. Lakini kuna aina nyingine ya programu, ya zamani zaidi ya wengi wetu, ambayo hakuna mtu anaipigia kelele. Ndani ya kompyuta unaweka watu bandia. Wanaitwa maajenti. Si ajenti wa M-Pesa wala wa mashamba, tulia. Ajenti hapa ni kitu kidogo kinachojisimamia: kina mahali pake, kina tabia zake, kina sheria chache kinazofuata, na kinaangalia majirani wake kabla ya kuamua. Unaweka mia, elfu, laki moja, halafu unaacha saa itembee uone mji gani, soko gani au fujo gani itatokea. Wasomi wanaita uigaji. Kitu kinachotoka hapo kinaitwa modeli.

Na kila modeli kama hiyo ina kazi moja ndogo isiyo na sifa: kuwaita maajenti wako. Kuwapanga. Kuamua nani anasonga kwanza. Hapo ndipo orodha inaingia, na mimi nasema hapo ndipo siasa yote imejificha.

Kwanza kulikuwa na orodha

Miaka ya 1950 kompyuta zilikuwa mashine za hesabu. Ukitaka kuweka namba mia, ulikuwa unaiambia mashine mapema: nitengee nafasi mia. Ni kama matatu ya abiria kumi na wanne. Viti vimepimwa kabla hujajua nani atapanda. Abiria wa kumi na tano akija, ni shida yake.

Lakini kuna watu walitaka kompyuta ifikirie, na fikra hazina idadi ya viti. Mwaka 1956 Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon wa Marekani walikuwa tayari na lugha ya kushughulikia orodha, iliyoitwa IPL. Halafu mwaka 1958 John McCarthy, akiwa MIT, akaanza kutengeneza lugha ambayo jina lake lenyewe linatokana na kazi ya kuchakata orodha: Lisp. Makala yake maarufu kuihusu ilitoka 1960.

Ujanja wa orodha ya Lisp ni rahisi mpaka unashangaa. Kila kipande cha orodha kinabeba vitu viwili tu: kitu chenyewe, na kidole kinachoonyesha kipande kinachofuata. Ni kama foleni ambayo hakuna mtu anajua ina watu wangapi. Kila mtu anajua tu nani yuko nyuma yake. Ukitaka kumwingiza mtu katikati, unabadilisha vidole viwili, basi. Hakuna kuhesabu viti. Foleni inakua, inapungua, inagawanyika, inaungana.

Kumbuka hii ni kabla ya babu yako kuona televisheni. Lakini bila hiyo orodha inayokua, huwezi kuweka ndani ya kompyuta watu wanaozaliwa, wanaohama na wanaokufa.

Mtu aliyekuwa kwenye orodha

Sasa story ninayoipenda kuliko zote.

Tarehe 19 Februari 1942, vita ya pili ya dunia ikiendelea, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alisaini amri namba 9066. Kwa nguvu ya amri hiyo, watu karibu 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa kwenye nyumba zao pwani ya magharibi ya Marekani na kufungiwa kambini. Wengi wao, karibu theluthi mbili, walikuwa raia wa Marekani, wamezaliwa hapo hapo. Hawakuwa wameshtakiwa chochote. Kila familia ilipewa namba. Namba ikaandikwa kwenye lebo, lebo ikafungwa kwenye mizigo na kwenye nguo za watu.

Yaani ulikuwa na jina, duka, shamba, mbwa. Siku moja ukawa namba kwenye orodha.

Mmoja wao alikuwa kijana anayesoma saikolojia, James Sakoda. Aliishi kambini Tule Lake kule California, halafu Minidoka kule Idaho. Na alipokuwa ndani alifanya kazi kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliokuwa unaandika maisha ya watu waliofungiwa. Alikuwa mtafiti na mfungwa kwa wakati mmoja. Aliangalia makundi yakiundwa: wanaoiamini serikali na wasioiamini, vijana na wazee, nani anakaa na nani, nani anamkwepa nani. Mwaka 1949 alimaliza tasnifu yake ya udaktari kuhusu Minidoka, na kutoka kwenye kazi hiyo likazaliwa wazo la kuonyesha watu kama kete kwenye ubao wa drafti.

Wazo lilikuwa hivi. Chukua ubao. Weka kete za rangi mbili. Kila kete ina msimamo kuhusu rangi yake na kuhusu rangi ile nyingine: inaipenda, haiijali, au inaichukia. Kila kete ikifikiwa na zamu, inaangalia nafasi zilizo karibu nayo na kusogea pale inapojisikia afadhali. Halafu unaangalia. Sakoda alijaribu michanganyiko mingi. Mmoja aliuita tuhuma za pande mbili: hakuna kete inayopenda sana wenzake wa rangi yake, ila kila moja inaikwepa rangi nyingine. Hata bila mapenzi ya ndani, makundi yalijitenga. Woga peke yake ulitosha kujenga mtaa.

Hebu soma hiyo sentensi ya mwisho tena ukiwaza kuhusu mtaa wowote wa Nairobi unaoujua.

Sasa angalia hii. Sakoda akawa profesa Chuo Kikuu cha Brown na akataka kete zake zitembee kwenye kompyuta. Lugha iliyokuwepo kwa watu wa sayansi ilikuwa Fortran, ile ya viti vilivyopimwa mapema. Akafanya nini? Katikati ya miaka ya 1960 alitengeneza mfumo wake mwenyewe, DYSTAL, uliowezesha Fortran kushika orodha zinazokua na kupungua programu ikiendelea. Yaani mtu aliyewahi kuwa namba kwenye orodha ya serikali alikaa chini akajenga chombo chake cha kutengeneza orodha. Nikisoma hiyo huwa nanyamaza kidogo.

Mtu aliyepewa sifa

Makala ya Sakoda kuhusu ubao wake ilichapishwa 1971, kwenye toleo la kwanza kabisa la jarida la sosholojia ya kihesabu. Toleo lililofuata la jarida hilo hilo, mwaka huo huo, likabeba makala ya mtu mwingine: Thomas Schelling, mwanauchumi.

Schelling naye alikuwa na rangi mbili na majirani. Alianza na mstari wa alama kwenye karatasi, halafu akatumia sarafu kwenye ubao nyumbani, akicheza na mwanawe. Swali lake lilikuwa moja na kali: je, mji unaweza kugawanyika kabisa hata kama hakuna mtu anayetaka ugawanyike? Jibu lake: ndiyo. Unaweza kuwa na watu wanaokubali kabisa kuishi na wengine, wanataka tu wasiwe wachache mno pale walipo. Mmoja anahama. Akihama, pale alipotoka panabadilika na pale alipoingia panabadilika. Mwingine anajiona amebaki peke yake, naye anahama. Ukirudi baadaye, mji umekatika vipande viwili, na ukiuliza kila mtu atakuambia, mimi sina shida na mtu.

Leo unaweza kujaribu hii mwenyewe kwa dakika tano. Mwambie kila ajenti aridhike asilimia 30 tu ya majirani wakifanana naye. Ukiacha modeli itulie, utakuta kwa wastani asilimia 70 hivi au zaidi ya majirani wanafanana. Hakuna mtu aliyeomba 70. Kila mtu aliomba 30.

Schelling alipata Nobel ya uchumi mwaka 2005, pamoja na Robert Aumann, kwa kazi yake kubwa ya nadharia ya michezo. Modeli ya kete leo inaitwa kwa jina lake karibu kila mahali. Sakoda anajulikana na wachache. Sisemi Schelling aliiba, kila mmoja alifika kwa njia yake. Nasema tu kwamba hata historia ina orodha, na kuna mtu anayeamua nani anaitwa kwanza.

Na kuna kitu kidogo kwenye makala ya Schelling ambacho watu hukipita. Kwenye ule mstari wake wa alama, ilibidi aamue wasioridhika wanasonga kwa mpangilio gani. Mkono wa binadamu hauwezi kusogeza alama zote kwa mara moja. Akaamua: tunaanza kushoto kwenda kulia. Yule wa kushoto kabisa anachagua kwanza, wa kulia anapata kilichobaki. Uamuzi wa kawaida tu, kama kuita majina kwa rejista. Lakini ni uamuzi.

Kobe kutoka Pretoria

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna Mwafrika hapa katikati.

Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alikuwa Mzungu aliyepinga ubaguzi wa rangi tangu ujana wake, akaondoka akasomea Uingereza, akafanya kazi Geneva na Jean Piaget aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, halafu akafika MIT. Mwaka 1967, yeye pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, wakifanya kazi na kampuni ya Bolt, Beranek and Newman, walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Wakaiita Logo. Ilikuwa mtoto wa Lisp: ndani yake orodha zilikuwepo, ila zile alama nyingi za kufungua na kufunga zinazochosha macho zikapunguzwa.

Halafu wakaipa mnyama. Kobe. Mwanzoni alikuwa roboti halisi anayetembea sakafuni, baadaye akawa alama kwenye kioo. Mtoto anamwambia kobe: mbele hatua hamsini, kulia nyuzi tisini. Akirudia mara nne, amechora mraba. Papert aliamini mtoto akiweza kujiweka kwenye nafasi ya kobe, hesabu inaacha kuwa adhabu. Kitabu chake Mindstorms kilitoka 1980, na walimu wengi duniani walikichukulia kama mwongozo.

Lakini kobe alikuwa mmoja. Mwanafunzi wa Papert, Mitchel Resnick, akauliza: je, tukiwa na kobe elfu? Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 alitengeneza StarLogo pale MIT, kwanza kwenye mashine kubwa iliyoitwa Connection Machine, yenye vichakataji maelfu vinavyofanya kazi sambamba. Kobe elfu, kila mmoja na sheria zake. Wengine wakawa mchwa wanaokusanya vijiti. Wengine wakawa magari, na foleni ya magari ikatokea bila ajali na bila polisi barabarani, eti tu mmoja alipunguza mwendo na wa nyuma akapunguza zaidi. Mtu wa Thika Road hahitaji kuelezwa.

Mwaka 1999 Uri Wilensky, aliyewahi kufanya kazi na hao watu wa MIT, akatengeneza NetLogo. Hiyo ndiyo bado inatumika, ni ya bure, na inafanya kazi hata kwa laptopu ya mtumba. Mimi niliacha chuo, hakuna ada niliyolipa kuijua. Unaipakua, unafungua maktaba ya modeli iliyokuja nayo, unaanza kuharibu vitu.

Kundi na orodha ni vitu viwili tofauti

Hapa nataka tupunguze mwendo, kwa sababu ndipo nyama ilipo.

Kwenye NetLogo kuna kobe, ambao ni maajenti wanaotembea, na kuna viraka, ambavyo ni vipande vya ardhi. Ukitaka kuwaambia kobe wafanye kitu, unatumia neno "ask". Unaowaambia ni kundi. Kundi halina wa kwanza wala wa mwisho. Ni kama kusema "watu wote wa ploti hii." Hujataja foleni.

Orodha ni kitu kingine. Orodha ina mpangilio. Ina nafasi ya sifuri, ya kwanza, ya pili. Ndiyo, inaanza kuhesabu sifuri. Kitu kimoja kinaweza kuwa ndani mara tatu. Unaweza kuchanganya namba, maneno na kobe pamoja. Na orodha ya NetLogo haibadiliki ikishatengenezwa. Ukitaka kubadilisha jina la tatu, unapewa orodha mpya iliyo na badiliko hilo, na ya zamani inabaki ilivyo mpaka wewe mwenyewe useme: sasa tunatumia hii mpya. Wanaoanza huwa wanaandika amri ya kubadilisha, wanasahau kuipokea orodha mpya, halafu wanapigana na kompyuta hadi usiku.

Sasa, kompyuta ya kawaida haina uwezo wa kuwasogeza kobe elfu kwa pamoja hivyo. Ukisema "watu wote wa ploti," mahali fulani ndani lazima iwaite mmoja mmoja. Swali ni kwa mpangilio upi.

Mwanzoni NetLogo ilikuwa inawaita kwa mpangilio uliokaa pale pale kila mara. Halafu toleo la 3.1 likabadilisha: tangu hapo, kila unapoliita kundi, kobe wanaitwa kwa kubahatisha. Vikaratasi vya chama. Mwongozo wa programu ukatoa onyo la wazi kwamba kama modeli yako ya zamani ilitegemea ule mpangilio wa kudumu, haitafanya kazi tena vizuri. Ukitaka mpangilio, useme mwenyewe: geuza kundi liwe orodha kwa neno "sort", halafu tembea nayo jina kwa jina.

Unaweza kuona ni jambo la mafundi tu. Hapana. Chukua kondoo mia na nyasi chache. Kila mzunguko kondoo wanakula, na nyasi zikiisha zimeisha. Ukiwaita kwa mpangilio ule ule, kondoo namba sifuri anakula kwanza. Kila mzunguko. Kondoo namba 99 anakuta udongo. Kila mzunguko. Endesha hiyo mara mia tano, halafu mlete mtu ambaye haoni orodha, anaona kondoo tu. Atakuambia sifuri ni mchapakazi. Anaamka mapema. Ana nidhamu ya pesa. Atamwalika kwenye podikasti aeleze siri ya mafanikio. Na huyu wa 99 ataambiwa apunguze kulalamika.

Kondoo wote walikuwa na sheria moja, miguu sawa, njaa sawa. Tofauti ilikuwa mahali jina lilipoandikwa.

Simaanishi mpangilio wa kudumu ni dhambi. Foleni ya hospitali inafaa kuwa orodha, anayeumia zaidi mbele. Matatu kwenye stage zinajaza kwa zamu, na ukitaka kuiga stage, kubahatisha kutakupa uongo. Ubaya ni kuwa na orodha bila kujua unayo.

Na kuna hili la wafu. Kobe akifa, anatoka kwenye kundi la kobe wote. Ukiliita kundi, hayumo. Lakini ukiwa ulimweka kwenye orodha yako, nafasi yake inabaki, ikiwa imeandikwa "nobody", yaani si mtu. Ukimwita programu inasimama na kukuambia huyo amekufa. Orodha haijui habari za msiba mpaka mtu aisafishe. Wakenya hii tunaielewa haraka: daftari la wapigakura lilipokaguliwa kabla ya uchaguzi wa 2017, majina ya waliokufa yalipatikana bado yamo. Tofauti ni kwamba NetLogo hugoma ukimpa maiti kazi.

Siku saa moja ilipobadilisha historia

Mtu atasema, sawa, lakini wanasayansi wakubwa hawawezi kuteleza kwa kitu kidogo hivyo. Sikia.

Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walichapisha kwenye jarida la Nature modeli ya maajenti kwenye gridi. Kuna wanaoshirikiana na kuna wanaosaliti. Kila mmoja anacheza na majirani, halafu anaiga jirani aliyefanikiwa zaidi. Ukiangalia nadharia ya kawaida, wasaliti hushinda. Lakini kwenye gridi yao, washirika walidumu, wakiishi katikati ya wasaliti kwa michoro inayobadilika kama kitambaa cha leso. Habari njema kwa binadamu: ushirikiano unaweza kudumu bila polisi na bila kumbukumbu, ujirani tu unatosha.

Mwaka uliofuata, 1993, Bernardo Huberman na Natalie Glance wakauliza swali la chama. Kwenye hiyo gridi, wote walikuwa wanabadilika kwa pamoja, kama jeshi linalosikia filimbi moja. Je, maisha yana filimbi moja? Wakachukua modeli hiyo, namba hizo hizo, wakabadilisha kitu kimoja: maajenti wanaamua mmoja mmoja, si kwa pamoja. Wakaanza na msaliti mmoja katikati ya washirika. Ile michoro mizuri ikapotea. Wasaliti wakala ubao wote.

Nowak na wenzake walijibu 1994, wakaonyesha kwamba kwa mipangilio mingine mingi ya namba ushirikiano unadumu hata watu wakienda mmoja mmoja. Kwa hiyo mjadala haukuisha na ushindi wa upande mmoja, na hiyo ni sawa. Kilichobaki ni somo: kabla hujaniambia binadamu ni wabaya au ni wazuri, niambie kwanza uliwaita kwa mpangilio gani.

Sasa maajenti ni sisi

Kwa nini nawasumbua na haya yote? Kwa sababu maajenti hawabaki kondoo.

Mwaka 2017 Bianica Pires na Andrew Crooks, watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia, walichapisha modeli ya Kibera. Walichukua ramani ya Kibera, wakaweka wakazi bandia wenye umri, kabila, kazi, shule na ratiba ya kila siku, wakawaunganisha kwa mitandao ya watu wanaojuana, halafu wakadondosha uvumi. Lengo lilikuwa kuelewa jinsi fujo zilivyozuka baada ya uchaguzi wa 2007. Matokeo yao: vijana ndio wanaoingia kwenye fujo kirahisi zaidi. Na kuongeza elimu na ajira hakukuleta jibu la moja kwa moja, eti ukiongeza hiki fujo zinapungua kwa kiasi hicho. Mambo yalikuwa magumu zaidi ya hapo.

Watafiti wa chuo hicho hicho walikuwa wameshaiga wafugaji na visima vya maji kule Mandera, Kenya inapokutana na Ethiopia na Somalia.

Mimi siwatukani. Modeli ya Kibera inakiri ugumu ambao wanasiasa wetu hawaukiri, kwamba kijana si swichi ya kuwasha na kuzima kwa kumpa kazi ya vibarua. Lakini wewe uliyezaliwa Kibera, Mathare au Kisumu Ndogo, wewe ni ajenti kwenye mashine ya mtu. Mtu aliamua una tabia ngapi. Mtu aliamua hasira yako inapimwaje. Mtu aliamua uvumi unakufikia wewe kabla au baada ya jirani yako. Na wewe hujui hata hiyo programu ipo.

Sakoda hakungoja aelezewe. Alikuwa kwenye orodha, akajifunza kutengeneza orodha, akaiambia dunia vile mambo huonekana ukiwa ndani ya ua. Huo ndio mfano ninaoutaka kwa sisi tuliofungiwa nje ya madarasa, na hata walio ndani. Anayejua kufungua hiyo mashine anaweza kuuliza maswali mawili ambayo ripoti nyingi hazitaki kuulizwa. Nani yumo kwenye orodha hii? Na nani anaitwa kwanza?

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kwa yeyote aliyesoma mpaka hapa. Pakua NetLogo. Fungua modeli ya Segregation, iko kwenye maktaba yake, upande wa sayansi ya jamii. Weka asilimia 30, uangalie mji ukigawanyika bila mtu kuuagiza. Halafu tengeneza kondoo wako wachache na nyasi kidogo. Mara ya kwanza waite kama kundi. Mara ya pili wageuze orodha kwa "sort", uwaite kwa namba zao. Angalia nani anashiba.

Ukimaliza rudi hapa uandike kwenye komenti: kondoo wako namba sifuri alikuwa mchapakazi, ama alikuwa tu wa kwanza?